Safu ya Saba ya Daftari la Boila

Tarehe 2 Februari

Baba,

Nadai hivi, na nitalitetea dai hili mpaka wino uniishie: mtu aliyesoma geji ya boila kila saa kwa miaka thelathini na moja, halafu akakataa kusoma geji ya mwili wake mwenyewe, hastahili kuitwa fundi. Ni mwendesha moto tu.

Shikamoo. Nimeitanguliza hoja mbele ya salamu makusudi, kwa sababu nakujua. Nikianza kwa salamu utaniuliza nakula nini, chumba kinavuja au hakivuji, na mhariri mkuu ananionaje, na hoja itazimika kabla haijashika moto. Kwa ufupi: nakula, kinavuja, na ananiona mbishi.

Sasa turudi kwenye shauri. Mama ameniambia kwenye simu kwamba wiki sita zilizopita muuguzi wa kiwanda alikupima shinikizo la damu akapata mia na themanini na nane kwa mia na nne. Alikuandikia kidonge kimoja kila asubuhi. Pakiti ya kwanza ilikuwa ya siku thelathini, na Mama anasema bado ina vidonge ishirini na viwili. Mimi si mwanahesabu, wala si wakili ila kwa jina, nilisomea historia, lakini hata mwanahistoria anaweza kuona kwamba hapo kuna asubuhi nyingi zilizopita bila shahidi.

Ungekuwa na boila inayosoma hivyo, ungefanya nini? Ungepunguza moto, ungepiga kengele, ungewatoa wafuaji wote nje wakiwa na mapovu mikononi. Nilikuona ukifanya hivyo mara moja nikiwa darasa la tatu, na sijapata kumwona mtu yeyote, jenerali wala waziri, akiwa na mamlaka kama yale. Ndiyo maana naona aibu kwa niaba yako.

Wewe ndiye uliyeweka sheria kwamba simu ni ya salamu na hoja iandikwe, ili mtu asije akaikana. Basi nimeandika. Jibu kwa maandishi.

Mwanao,
Wakili

*

Tarehe 11 Februari

Kwa Wakili wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika Jumanne. Jumatano saa nne, wakati wa chai, Bwana Pasi, mkuu wa meza za kupigia pasi, aliisoma kwa sauti mbele ya idara nzima ya kufulia, watu kumi na wanane. Alisimama juu ya kreti ya sabuni. Alipofika pale pa "mwendesha moto tu" wafuaji walipiga makofi, na msimamizi akaniambia, "Fundi, huyu mtoto amekuvua shati mchana kweupe." Nikamjibu, "Kweli, lakini tazama anavyolikunja."

Nakujibu hoja moja moja.

Kwanza, kipimo. Nilipanda ngazi za ofisi mbio kwa sababu niliitwa nikiwa kazini. Nilikaa kwenye kiti kisicho na mgongo, mkono unaning'inia. Muuguzi akanifunga mkanda wa kupimia uliokuwa mwembamba, umenibana kama kamba ya mzigo, kwa sababu mkono wangu si mkono wa kugeuza kurasa. Huku mashine inavuma yeye ananiuliza habari za Mama yako, nami namjibu. Mimi nikisoma geji huku natikisa bomba, wewe ungekuwa wa kwanza kuniandikia barua. Kipimo kibaya si kipimo.

Pili, vidonge. Boila ina vali ya usalama. Vali hiyo hufunguka shinikizo likizidi, haifunguki kila asubuhi kwa mazoea. Nami nikisikia kichwa kizito nameza kimoja. Nimesikia kichwa kizito mara nane. Hesabu yako imekamilika.

Tatu, najua Mama yako amekueleza habari ya kopo la chumvi nililoweka pale kwenye rafu ya boila, maana hakufichi kitu. Natoka jasho kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nane. Kinachotoka lazima kirudi.

Na nne, hili ni swali, si hoja. Yako ni ngapi?

Hapa kazini watu wamegawanyika. Wapo wa upande wa Wakili na wapo wa upande wa Fundi. Upande wangu ni mkubwa zaidi kwa watu wanne.

Baba yako,
Fundi wa boila, zamu ya kwanza

*

Tarehe 20 Februari

Baba,

Shikamoo, kwa sauti ya chini, kwa kuwa sijui ni nani mwingine anayesikiliza.

Umeisoma hadharani? Barua ya mwana kwa baba yake, yenye namba za mwili wako, imesomwa juu ya kreti ya sabuni? Nilikuwa nasahihisha kitabu cha jiografia nilipoifungua yako, na kwa hasira nikaupeleka mto mmoja upande usiokuwa wake. Nimeurudisha.

Hata hivyo mimi si mtu wa kukataa hoja nzuri kwa sababu tu imetoka kwa mpinzani. Nimesoma kila nilichoweza kukipata juu ya jambo hili, nimeuliza na daktari mmoja tunayemchapia kitabu, na nakiri: katika hoja yako ya kwanza, umeshinda. Mkanda mwembamba kwenye mkono mnene huongeza namba. Ngazi huongeza, maongezi huongeza, mkono unaoning'inia nao huongeza. Mtu anapaswa akae kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote miwili sakafuni bila kukunja nne, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo, asiwe ametoka kunywa kahawa wala kuvuta sigara. Kisha apimwe mara mbili, na kwa siku kadhaa. Uliyagundua hayo bila kitabu, na nimejivunia.

Lakini umeshinda nini? Umeshinda haki ya kupimwa vizuri. Hujashinda haki ya kutopimwa.

Hoja ya pili naikataa kabisa. Kichwa kizito si geji. Daktari wetu amecheka nilipomsomea sehemu hiyo, akasema watu wengi hutembea na shinikizo la kutisha miaka na miaka bila kuhisi chochote, mpaka siku moja. Wewe mwenyewe unaijua siku hiyo moja, ile ya kiharusi. Baba Mkubwa hakuwahi kulalamika kichwa. Aliamka asubuhi, akashindwa kufunga kifungo cha shati, akacheka, akasema vifungo vya siku hizi ni vidogo. Wewe ulikuwepo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na nne, na nilikuwa nimeshika lile shati.

Kuhusu chumvi: jasho lako unalirudisha kwa maji na kwa chumvi iliyokwisha kuwemo kwenye chakula, na Mama hapiki chakula chapwa. Kopo la ziada ni ushabiki tu.

Swali lako la nne ni la kukwepa. Mimi nina miaka ishirini na sita. Tusitoke nje ya mada.

Mwanao,
Wakili

*

Tarehe 14 Machi

Kwa Wakili,

Marahaba. Usishangae mwandiko. Mkono wangu wa kulia niliuunguza kidogo nyumbani kwa birika, kwa hiyo natamka na Bwana Pasi anaandika. (Hujambo Wakili. Ni mimi. Mwandiko wangu si mzuri kama pasi ninayopiga. – Pasi)

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nakusanya ushahidi. Nimepimwa upya, kwa masharti yako yote. Niliomba mkanda mpana, nao wakautafuta kabatini wakaupata ukiwa bado kwenye mfuko wake. Nilikaa kimya dakika tano. Muuguzi alitaka kuongea nikamwonyesha kidole mdomoni mwangu. (Kweli kabisa, nilikuwepo. – Pasi) Namba: mia na thelathini na nane kwa themanini na sita. Mara mbili. Kwa hiyo mashine ilikosea tangu mwanzo, kama nilivyosema, na shauri limekwisha.

Barua yako ya pili nayo ilisomwa. Pale uliposema nimeshinda haki ya kupimwa vizuri, ila sijashinda haki ya kutopimwa, msimamizi aliomba irudiwe. Ikarudiwa. Yule mama wa mashine ya kukausha akasema, "Huyu angekuwa wangu ningemweka kwenye fremu." Nikamwambia foleni ni ndefu.

Habari ya kopo la chumvi nitaifikiria.

(Wakili, usinichukie, lakini mimi niko upande wa baba yako. Na mimi nilipewa vidonge mwaka jana. Tangu nisikie habari ya vali ya usalama nimeviweka kabatini, navisubiri nisikie kichwa kizito. Mpaka sasa ni kimya kabisa. – Pasi)

Hujajibu swali la nne. Umejibu kila hoja isipokuwa hiyo, nami nimefundisha vijana wengi wa zamu. Mtu asipokwambia geji inasoma ngapi, ujue ama hajaitazama, ama ameitazama.

Baba yako,
Fundi (kwa mkono wa Pasi)

*

Tarehe 15 Machi

Mwanangu,

Mimi si mtu wa barua, unajua, na ningekupigia, lakini simu ni moja na mwenyewe hatoki karibu nayo. Hii nampa jirani anayesafiri leo, kesho iwe mkononi mwako.

Baba yako hajaungua na birika. Juzi asubuhi alikuwa anavaa kwenda kazini. Akakawia. Nikaenda chumbani nikamkuta amesimama mbele ya kioo, mkono wa kulia uko kifuani, vidole vinazungukazunguka kwenye kifungo kama vya mtoto. Nikamwambia, "Baba Wakili, vipi?" Akanijibu maneno hayakunyooka. Haikufika robo saa, yakanyooka. Mkono nao ukarudi, ila akishika kalamu bado unatetemeka. Nikasema twende hospitali. Akasema, "Nifunge vifungo, nitachelewa kuwasha moto." Nikamfunga. Mungu anisamehe, nilimfunga vifungo akaenda kazini.

Na ile namba nzuri anayojisifia, nikueleze ilivyopatikana. Alipoipata barua yako ya pili alimeza vidonge kila siku, wiki nzima, ili akapimwe. Namba ikashuka. Akarudi ananiambia, "Umeona? Sina kitu." Akaacha. Hiyo juzi ilikuwa siku ya nane tangu aache.

Nikuambie na lingine, usimwambie kwamba nimesema. Barua zako zote ziko ndani ya mfuko wa plastiki chini ya foronya yake. Wiki mbili zikipita bila barua anaenda mwenyewe ofisini kuuliza. Nilimwambia, "Mkubalie mtoto yaishe." Akasema, "Yakiisha ataandika juu ya nini?" Sisemi ndiyo sababu yote, ana kiburi chake pia, na hicho umekirithi chote bila kubakiza. Ila na hiyo imo.

Njoo.

Mama yako

*

Tarehe 29 Machi

Baba,

Shikamoo. Tumekaa nyumba moja siku nne bila kubishana hata mara moja, na sijawahi kupata siku nne ngumu kama zile.

Nilipokupeleka hospitali ulitembea mbele yangu kama unakwenda kukagua mabomba yao. Daktari alipokueleza kwamba damu ilikwama kichwani kwa muda mfupi ikapita, kwamba lile lilikuwa onyo la kiharusi, na kwamba udhaifu wa upande mmoja au ulimi kupotea haungojwi hata saa moja, uliitikia kwa kichwa. Alipokuambia upumzike wiki mbili na umeze dawa kila siku bila kuacha, uliitikia kwa kichwa tena. Nimekuona ukiwaitikia kwa kichwa hivyohivyo wakaguzi wanaokuja na suti, kisha wakiondoka unafanya unavyojua. Kwa hiyo naandika.

Kwanza, kipimo chako cha ushindi. Ulimeza dawa siku saba, namba ikashuka, ukasema mashine ilikuwa mbovu na dawa haina kazi. Umeithibitisha dawa kwa mkono wako mwenyewe, halafu ukaifukuza kazi kwa kosa la kufanya kazi. Katika vitabu vyote nilivyosoma sijakutana na mwajiri dhalimu kiasi hicho.

Pili, vali ya usalama. Niliitafutia jibu wiki tatu. Nilitafuta kwenye vitabu vya tiba, nikatafuta kwenye historia ya mitambo, nikaandika kurasa sita nikazichana. Jibu nimelipata kwenu, chini ya kitanda changu cha zamani, kwenye sanduku la bati.

Unakumbuka nilijifunzia kuandika nyuma ya karatasi za daftari la boila? Daftari likijaa ulilileta nyumbani, kwa sababu upande wa pili ulikuwa mweupe. Insha zangu zote za shule ya msingi ziko nyuma ya zamu zako. Nilikaa sakafuni nikazigeuza. Kwa mara ya kwanza maishani nikasoma upande wako.

Safu ya kwanza ni saa. Ya pili mvuke, ya tatu kina cha maji, ya nne joto la bomba la moshi, ya tano mafuta, ya sita uvujaji. Safu ya saba ni dawa ya maji. Sita za mwanzo zinapanda na kushuka. Ya saba haina namba. Ina alama ya vema tu, moja kila asubuhi, ukurasa baada ya ukurasa. Nimehesabu kurasa mia nne na kumi. Mvuke ukiwa juu kuna vema. Mvuke ukiwa sawasawa kabisa kuna vema. Hakuna pengo hata moja.

Nikakumbuka. Nilikuwa na miaka tisa, nikakuuliza kwa nini unamwagia boila dawa wakati geji iko vizuri. Ukaniambia maji yana chokaa, chokaa inajenga ukoko ndani ya mabomba, na ukoko hauonekani kwenye geji. "Ukingoja geji ikuambie," ulisema, "umeshachelewa." Vali ya usalama, ulisema, ni ya siku ambayo fundi ameshindwa kazi yake. Sifa ya fundi ni vali isiyowahi kufunguka.

Kidonge cha asubuhi si vali, Baba. Kidonge cha asubuhi ni safu ya saba.

Karatasi moja nimekuja nayo, uniwie radhi, sitairudisha. Ni ya tarehe niliyozaliwa. Mwandiko wako umelala upande kwa haraka. Kwenye nafasi ya maelezo umeandika: "Nimechelewa dakika arobaini. Mtoto wa kiume. Dawa ya maji imewekwa."

Mama alikuwa bado yuko wodini. Mimi nilikuwa na umri wa saa mbili. Nawe ulikwenda kuweka dawa kwenye boila ambayo geji yake, nimeangalia, ilikuwa inasoma vizuri kabisa.

Basi nakuuliza kama mpinzani anayekuheshimu: boila ya kiwanda ina nini ambacho wewe huna?

Mwanao,
Wakili

*

Tarehe 10 Aprili

Kwa Wakili wangu,

Marahaba. Mwandiko ni wangu. Unayumba kidogo lakini unafika.

Nilisoma barua yako nyumbani, peke yangu, na sikumpa Bwana Pasi. Nilikaa nayo siku mbili. Mara tatu nilishika kalamu nijibu, mara tatu nikakuta nitakuwa nabishana na mwandiko wangu mwenyewe. Nimeshindwa. Nimeshindwa vizuri, na mtu aliyenishinda nilimfundisha kushika penseli.

Nameza. Tangu siku ya hospitali, leo ni siku ya kumi na tisa, kila siku saa kumi na mbili kasoro robo, kabla ya kiatu. Kopo la chumvi nimelitoa kwenye rafu, sasa ndani yake kuna misumari. Jioni natembea na Mama yako hadi kwenye daraja na kurudi, naye anatembea haraka kuliko nilivyodhani. Vipimo vya wiki iliyopita, kwa mkanda mpana: mia na arobaini na nne, mia na arobaini na moja, mia na thelathini na tisa. Daktari ameongeza dawa ya pili na anasema tutafika.

Nimerudi kazini Jumatatu. Hapo nikuombe jambo. Hayo niliyokuandikia yabaki kati yetu. Kwa wenzangu nimesema niliungua, na mjadala nimesema bado unaendelea. Mimi ndiye ninayewaambia watu pale lini wakimbie na lini wakae. Nikisimama kusema mkono wangu ulisahau kifungo, nani atanitazama nikitazama geji? Nipe heshima hiyo. Umeshinda, ushindi si lazima upigiwe ngoma.

Lakini swali la nne bado lipo. Tena sasa nina ushahidi. Pale hospitalini muuguzi alikuambia, "Na wewe kaka kaa hapa, ni dakika tano tu," ukasema una haraka ya kuwahi basi. Basi lako lilikuwa kesho yake. Na Mama yako alikuta kwenye mkoba wako pakiti saba za karanga za chumvi, tupu. Unazila ukisahihisha vitabu, kutwa umekaa, babu yako alikuwa na presha, Baba yako Mkubwa alikuwa nayo, mimi ninayo. Wewe uliniita mwendesha moto. Msomaji wa geji za wengine tunamwitaje?

Baba yako,
Fundi

*

Tarehe 21 Aprili

Baba,

Tunamwita mwoga. Shikamoo.

Nilikwenda siku ileile niliyoipokea barua yako, na sikwenda kwa ajili ya afya. Nilikwenda ili nikuletee namba nzuri nikufunge mdomo. Nilikaa kimya dakika tano. Miguu sakafuni. Mkanda ulikuwa saizi yangu. Mkono wangu, kama ulivyowahi kusema, ni wa kugeuza kurasa. Mia na hamsini na mbili kwa tisini na sita. Nikamwambia muuguzi mkanda ni mwembamba. Akautazama mkanda, akautazama mkono, akanitazama mimi, akasema, "Kaka, huu hata ukizunguka mara mbili unatosha." Nikasema nimepanda ngazi. Akasema, "Zahanati hii haina ngazi."

Unaona basi kwamba hoja zako zote nilizitumia, na kwa ufundi mdogo kuliko wako.

Nimepimwa asubuhi na jioni kwa siku saba. Wastani ni mia na arobaini na nane kwa tisini na nne. Sikuhisi kichwa kizito hata mara moja. Daktari amesema kwa umri wangu wafanye vipimo vya figo na moyo kwanza, nipunguze chumvi, nitembee kila siku, turudi tuone baada ya muda. Na ikibidi dawa, itakuwa dawa. Karanga nimezigawa ofisini. Natembea kwenda kazini, dakika thelathini na tano, nabishana na vitabu vyote njiani.

Hayo ndiyo yangu, na nimeyaandika ili yasomwe. Ndiyo, safari hii naomba kreti ya sabuni. Nilikukasirikia uliposoma barua zangu hadharani kwa sababu nilidhani unaanika mwili wako. Sasa najua ulikuwa unaanika Kiswahili changu, nami nimejivuna kwa hilo kuliko nilivyojivuna siku ya joho na kofia. Lakini kumbuka kitu kimoja: wakati watu kumi na wanane walipokuwa wanasikia barua zangu, walikuwa wanasikia na majibu yako. Wewe ni msemaji mzuri. Upande wako ulikuwa mkubwa zaidi kwa watu wanne. Mmoja wao anasimama kutwa juu ya mvuke wa pasi, ana vidonge kabatini, na anasubiri kichwa chake kiwe kizito kwa sababu fundi anayemwamini alimwambia habari ya vali.

Ombi lako la siri nalikataa, na nalikataa kwa heshima zote. Umeniuliza nani atakutazama ukitazama geji. Nakujibu: watu walewale uliowatoa nje na mapovu mikononi. Hawakukuamini siku ile kwa sababu boila haikuwahi kusumbua. Walikuamini kwa sababu iliposumbua, ulipiga kengele.

Wala usidhani ukikubali, barua zitaisha. Nina hoja nyingine kumi na moja dhidi yako, kuanzia ile imani yako kwamba redio ikipigwa kofi inapona. Tutabishana mpaka tuzeeke wote wawili, na hiyo ndiyo sababu nataka wote wawili tuzeeke.

Kwa hiyo nataka jibu, Baba, na silitaki kwenye bahasha. Kuna ubao wa matangazo pale mlangoni pa kufulia, anapopita kila mtu akija zamu. Bandika karatasi ya daftari la boila. Juu yake andika kilichotokea asubuhi ya kifungo, kwa mwandiko wako unaoyumba, kisha umwambie Bwana Pasi akisome kwa sauti, yeye mwenyewe, juu ya kreti. Chini yake weka majina mawili, lako na langu, na nafasi kwa yeyote atakayetaka kuongeza la kwake. Kama bado una hoja ya kupinga, isimame hapo mbele ya watu, nami nitaijibu hapohapo. Kama huna, jaza safu ya saba.

Ya kwangu ya leo nimeshaijaza, ibandike pamoja na yako: Jumanne, saa moja asubuhi. Nimechelewa miaka ishirini na sita. Mtoto wa kiume. Geji imesomwa.

Nangoja ubao ujibu.

Mwanao,
Wakili